Cheti cha Nyumba Namba Kumi na Saba

Homa Bay
Machi 4, 2023

Mwanangu Maroa,

Naomba barua hii ikukute mzima, wewe na Terry, na mvua ya Ogwedhi iwe imenyesha kabla mifugo haijamaliza majani. Mimi ni mzima, isipokuwa masikio. Daktari anasema la kushoto limeshakwenda na la kulia linafuata. Ukinipigia simu nasikia ngurumo tu, na ujumbe wa simu ni mfupi mno kwa mtu aliyefundisha insha miaka thelathini na minne. Okemwa mwenye lori amekubali kuwa posta yetu kila anapokuja huko kununua ng'ombe.

Lorine anakusalimu. Bado nakaa kwake, mwaka wa tatu sasa tangu ziwa lipande na kuimeza nyumba yangu ya Sindo. Mume wake hasemi kitu, lakini nikikaa sebuleni yeye huhamia jikoni. Nimechoka kuishi kwa binti yangu kama mgeni aliyesahau kuondoka.

Kwa hivyo natafuta nyumba ya kununua. Maroa, nimeonyeshwa uchafu! Moja ilikuwa na nyufa zilizozibwa kwa dawa ya meno. Nilinusa, ni dawa ya meno. Kwenye nyingine dalali alisimama mbele ya ukuta wenye ukungu akijifanya anatafuta funguo mfukoni, ili nisiuone. Watu wanauza nyumba kama samaki wa juzi: wanaimwagia maji ing'ae.

Wiki jana nimefika kwenye ule mtaa ulikokuwa ukifanya kazi, ule wa nyumba ishirini na nne kwenye barabara ya Rongo. Kijana wa mauzo anaitwa Walter. Alinionyesha cheti chenye muhuri na picha ya jani, kinasema nyumba hizi ni za kijani. Unanijua, mimi nimeishi kwa vyeti. Nikiona muhuri, natulia. Lakini sijui maana yake. Nyumba ya kijani ni nini hasa? Na wewe uliyekuwa karani wa mjengo pale unasemaje, ninunue? Pensheni ni hiyo moja, sitapewa nyingine.

Shangazi yako,
Rispa

Ogwedhi
Aprili 9, 2023

Shangazi mpendwa,

Barua yako ilifika siku ya soko, Okemwa akanipa huku ameshika fahali kwa mkono wa pili. Sisi ni wazima. Terry ana mimba ya miezi mitatu na hataki kuona mayai. Mvua imenyesha. Mimi najenga nyumba za walimu katika shule moja ya msingi hapa, kazi ni nzuri, mwalimu mkuu ni mtu wa maswali mengi. Wamaasai wameleta ng'ombe wengi mwezi huu na bei imeshuka. Kuna daraja limebomoka.

Umeuliza nyumba ya kijani ni nini. Si rangi. Ni nyumba inayotumia umeme kidogo, maji kidogo, na vifaa ambavyo kuvitengeneza hakukumaliza msitu. Michoro ya pale ilisema hivi: matofali ya udongo yaliyoshindiliwa kwa mashine, yasiyochomwa kwa kuni. Juu ya dari, blanketi nene la kuzuia joto la mabati. Madirisha yanayoelekeana ili upepo wa ziwa upite. Maji ya kuoga yanapita kwenye shimo lenye mchanga na kokoto, yanachujwa, halafu ndiyo yanayovuta choo, ili maji safi yasipotee. Wanaotoa vyeti hulinganisha nyumba hiyo na ya kawaida, na ikiokoa kiasi walichoweka, wanaipa cheti.

Jambo moja, Shangazi. Vyeti viko viwili. Cha kwanza hutolewa kwa michoro, hata kabla ya msingi kuchimbwa. Cha pili hutolewa nyumba ikimalizika. Muulize Walter alikuonyesha kipi.

Nyumba namba tatu naijua vizuri. Ukiipata hiyo, chukua. Kuhusu nyingine sina la kusema. Usiharakishe.

Msalimie Lorine.

Mwanao,
Maroa

Homa Bay
Mei 27, 2023

Maroa wangu,

Mpe Terry pole ya mayai, mwambie ajaribu dagaa wa omena, mimi nilibeba Lorine kwa omena peke yake. Hapa tuko salama na nina furaha.

Nilimuuliza Walter kama ulivyoniagiza. Alishtuka, akanitazama upya kama mwanafunzi aliyekutana na swali nje ya silabasi. "Hicho ni cha michoro, Mama," akasema, "lakini cha mwisho kinakuja baada ya wiki mbili."

"Basi nitarudi baada ya wiki mbili," nikamwambia.

Na kikaja! Cha mwisho, chenye tarehe, chenye kutaja nyumba zote ishirini na nne. Namba tatu haiuzwi, ndiyo ya maonyesho, kila mnunuzi anaingizwa humo. Nimekaa humo saa sita mchana, Maroa, na sikutoka jasho. Nikanunua namba kumi na saba. Walter alisema zote ni mapacha.

Nimehamia Jumamosi iliyopita. Sebuleni nimetundika nakala ya cheti cha nyumba, na kando yake kile chako cha usimamizi wa ujenzi wa kijani, ambacho kampuni ilikupa kabla hujaondoka. Ulipotoka kidato cha tatu kwa kukosa karo nilificha uchungu wangu. Nilikulea tangu ndugu yangu afariki, nikiwa na vyeti vya wanafunzi elfu moja mikononi na chako sina hata kimoja. Sasa kipo ukutani. Mchungaji alikisoma kwa sauti alipokuja kubariki nyumba.

Kwa nini hukuja? Nilikuwekea kuku.

Shangazi yako mwenye nyumba,
Rispa

Homa Bay
Septemba 9, 2023

Maroa,

Salamu kwenu. Miezi mitatu na nusu hujajibu. Okemwa anasema mmeonana sokoni mara nne na kila mara ulikuwa na haraka. Terry yuko karibu kujifungua, nimemtumia shuka mbili na sabuni. Lorine ni mzima.

Sasa nisikilize. Nyumba hii inanuka.

Haikuanza mara moja. Mwezi wa kwanza ilikuwa harufu kidogo chooni, nikadhani ni ugeni wangu. Mwezi wa pili nikivuta maji yanashuka meusi, yana utando kama wa uji uliolala, na nywele zangu mwenyewe zinaelea humo. Mwezi wa tatu nimekuta funza kwenye tangi la choo. Funza, Maroa, wanene, weupe. Nilitapika kwenye choo kilichonifanya nitapike.

Nilimpigia Walter simu kupitia Lorine. Akasema, "Mwambie Mama hiyo ndiyo harufu ya kuokoa mazingira."

Basi nikamwita jirani yangu Bogonko wa namba kumi na nane, tukainua mfuniko wa lile shimo la mchujo. Hakuna mchanga. Hakuna kokoto hata moja. Kuna mifuko ya saruji iliyooza, kiatu cha mtu, na maji ya kuoga ya miezi mitatu yaliyoiva kama kitu cha kupikwa. Bogonko alirudi nyuma akashika pua. Kwake pia ni hivyo hivyo, kumbe alikuwa anaona aibu kusema. Kila mmoja hapa alidhani ni yeye mchafu.

Na joto! Saa tisa mchana nakaa nje kwenye kivuli cha ukuta kama kuku. Ulisema kuna blanketi juu ya dari. Liko wapi?

Ulikuwa pale. Niambie.

Shangazi

Ogwedhi
Oktoba 8, 2023

Shangazi,

Salamu nyingi. Terry amejifungua msichana tarehe ishirini na sita, kilo tatu na robo, wote wazima. Tumempa jina la mama yangu. Shuka zimefika.

Kuhusu maji, kuna koki nyuma ya bafu, karibu na ardhi. Ifunge ili maji ya kuoga yaende kwenye shimo la choo moja kwa moja, na choo ukivute kwa ndoo ya maji safi. Tangi lioshe kwa dawa. Harufu itapungua.

Joto litapungua mvua ikija. Dari msiifungue, mtaharibu bure.

Nina kazi nyingi.

Maroa

Homa Bay
Novemba 18, 2023

Maroa,

Dari tumeifungua.

Ulipoandika tusiifungue, nilijua. Fundi alipanda na tochi, akashuka na utando wa buibui kichwani. Alisema juu hakuna kitu ila mabati na mavi ya popo.

Nikaandika barua kwa ofisi ya Nairobi inayotoa vyeti, nikawaambia mimi ni mwenye nyumba na naomba kuona kilichowafanya waamini. Wamenitumia nakala ya faili katika bahasha kubwa. Ndani kuna picha za dari, kurasa ishirini na nne, ukurasa mmoja kwa kila nyumba. Blanketi linaonekana, nene, zuri. Pia kuna picha za shimo lenye mchanga safi. Lakini katika kila picha ya dari kuna msumari mmoja uliopinda upande wa kulia. Nyumba ya kwanza, msumari. Ya tisa, msumari. Ya kumi na saba, nyumba yangu, msumari ule ule. Ni dari moja, imepigwa picha mara moja.

Na chini ya kila ukurasa kuna maneno: *Nimekagua kwa macho yangu.* Na sahihi. Herufi M yenye mkia unaorudi nyuma.

Hiyo M nilikufundisha mimi, kwenye meza ya jikoni Sindo, nimekushika mkono.

Funza niliwavumilia. Hiki siwezi. Cheti chako nimekitoa ukutani nikakiweka kifudifudi chini ya kitanda, na bado naona kinanuka.

Rispa

Ogwedhi
Desemba 30, 2023

Shangazi,

Sijui nikusalimu vipi, kwa hivyo nitasema tu kwamba mtoto anakua.

Ni kweli. Ni mimi.

Blanketi na mchanga vilikuja vya nyumba moja, tukaviweka namba tatu. Nilingoja lori lingine wiki sita. Nikamwendea Mirumbe, mwenye kampuni, nikamwambia wakaguzi wakija watakuta dari tupu. Akacheka. "Hawaji, Maroa. Wanataka picha na sahihi ya msimamizi. Mtu gani ananunua nyumba halafu anapanda darini?"

Nikamwambia mimi si msimamizi, ni karani, sina hata cheti cha kidato cha nne.

"Hicho tu ndicho kinakusumbua?" akasema. Siku tatu baadaye nikapata kile cha usimamizi, kina jina langu lote, kina muhuri. Hakuna mafunzo niliyofanya, Shangazi. Nilikaa kwenye kiti cha plastiki nikapigwa picha. Nilikuletea jioni ile ile kwa sababu nilijua utalia, na ulilia. Kesho yake asubuhi nikasaini kurasa ishirini na nne. Nilikuwa nahesabu moyoni ni watu gani watakaa humo, lakini hawakuwa na sura.

Kisha ikaja barua yako ya Machi. Niliandika majibu mawili. La kwanza lilisema kila kitu. Nilikuwa nalo mfukoni siku nne. Nikalichoma kwa jiko la Terry, nikakutumia lile la pili, nikijidanganya kwamba kutaja vyeti viwili na namba tatu kulitosha, kwamba mwalimu ataelewa. Nilitaka ujue bila mimi kukuambia.

Nilikuja Ogwedhi ili nisipite kwenye ile barabara.

Siombi kitu. Ukitaka niseme popote, nitasema.

Maroa

Homa Bay
Januari 20, 2024

Maroa,

Nimepokea. Msalimie Terry na mtoto.

Mambo ni haya. Niliitisha mkutano wa wenye nyumba, tukaketi kumi na tisa chini ya mabati ya Bogonko huku tukitokwa na jasho. Nikawaonyesha zile picha. Nilidhani watapiga kelele. Wakazipitisha mkono kwa mkono. Kisha Bogonko akasimama akasema polepole, ili nisome midomo yake: "Mwalimu, nyumba inanuka, sawa. Lakini cheti hakinuki. Tukinyamaza, tutauza. Tukisema, tutakufa nazo."

Wakampigia makofi. Watu ninaosali nao! Yule mama wa namba nane, ambaye mtoto wake ametoka vipele mwili mzima kwa joto, naye alipiga makofi. Wanataka kumwekea mwingine funza walewale, waondoke na pesa zao, na huyo naye atafute wa kumwekea. Nilirudi nyumbani nikanawa mikono mara mbili, na sikuwa nimeshika kitu.

Wote wanapinga kusema isipokuwa mimi. Lakini mwenye nyumba mmoja anatosha kuita mkaguzi, nimeuliza. Anakuja tarehe ishirini na nne Februari. Umesema utasema popote. Sema hapa. Njoo na ngazi.

Usifikiri nimekusamehe.

Rispa

Ogwedhi
Machi 10, 2024

Shangazi,

Salamu kutoka kwetu sote. Mtoto ameanza kukaa.

Nimengoja wiki mbili nitulie ndipo niandike. Yale ya siku ile uliyaona, ila labda hukuyasikia yote. Mkaguzi alipopanda dari ya kwako nilipanda nyuma yake. Akaniuliza, "Wewe ndiye uliyesaini?" Nikasema ndimi. "Ulikuwa umepanda humu?" Nikasema hii ni mara yangu ya kwanza. Hakunitukana. Aliandika tu, na kalamu yake ilikuwa na sauti kubwa mle ndani. Tukaingia nyumba tano zilizotufungulia. Wenye zilizobaki walijifungia.

Niliposhuka, niliwaambia waliokuwa nje kwamba jina langu ni Maroa na picha ni zangu. Bogonko akanitemea karibu na kiatu. Akageuka kwako akauliza, "Huyu kijana umemtoa wapi, Mwalimu? Unamjua?"

Ukasema, "Ni fundi."

Nilisikia. Sina neno. Ningekuwa wewe ningesema hivyo hivyo, maana mimi nimesema makubwa kuliko hayo mara ishirini na nne. Ndiyo maana sikukaa kula.

Habari zimefika hapa. Mwalimu mkuu aliniita ofisini, jina langu liko kwenye simu yake. Akaniuliza kama ni mimi. Nikasema ni mimi. Akasema kesho yake nipande dari za nyumba za walimu mbele ya kamati nzima, na kama kuna kitu kimoja pungufu niondoke Ogwedhi kwa miguu. Tulipanda. Wazee wawili walipanda na fimbo zao. Kila kitu kilikuwepo, Shangazi. Hata hivyo wamenipunguzia cheo, sasa nachanganya saruji. Ni haki.

Nimekutumia mifuko sita ya mchanga uliooshwa na minne ya kokoto kwenye lori la Okemwa. Kokoto kubwa chini, ndogo katikati, mchanga juu. Fundi yeyote ataweza.

Maroa

Homa Bay
Aprili 14, 2024

Mwanangu Maroa,

Nakusalimu, wewe, Terry, na huyo mdogo mwenye jina la mama yako. Nataka kumwona kabla hajaanza kutembea. Lorine ni mzima. Sikio la kulia limefunga kabisa.

Mchanga na kokoto vimefika, na shimo limejazwa. Kwanza ilibidi kulitoa uchafu, ndoo thelathini na moja, na yule fundi alidai soda baada ya kila kumi. Harufu haijaisha. Imeingia kwenye ukuta, nadhani tutazeeka pamoja.

Cheti kimefutwa, cha nyumba zote. Mirumbe hashiki simu, na mkaguzi anasema kesi itachukua muda. Walter nimemwona mjini. Anauza viwanja sasa, na shati lake lina jani lile lile. Alinipungia mkono! Hapa mtaani hakuna anayenisalimu. Kanisani benchi langu lina nafasi. Wiki jana mtu alimwaga taka mlangoni kwangu, maganda na matumbo ya samaki. Nilizoa. Nimeshazoa mabaya zaidi.

Lakini nakuandikia kwa sababu ya jambo la juzi. Bogonko anauza. Walikuja mume na mke, vijana, mke ana mimba, wanatoka upande wa Migori. Bogonko aliwazungusha ndani asubuhi mapema kabla ya jua kushika mabati, na alikuwa bado na nakala ya kile cheti ukutani, kwenye fremu. Walipotoka, mke alisogea kwenye uzio wangu. Nilimwonyesha sikio, akaelewa, akaandika kwenye simu yake akanionyesha: *Mama, ni za kijani kweli?*

Bogonko alikuwa amesimama pale pale, ananitazama kwa macho ya kuomba. Nilimhurumia, Maroa, na nikachukia kumhurumia.

Nikamwambia yule mama hapana. Nikamwambia cheti kimefutwa, nikamkaribisha ndani anuse choo, nikampa mume wake tochi apande darini kwangu. Alishuka amekunja uso. Mke akaandika tena: *Nani alisaini kwamba wamekagua?*

Siku ya mkaguzi ulinisikia nilichosema. Sijalala vizuri tangu siku hiyo. Nilikuita utoke Ogwedhi uje useme ukweli mbele ya watu, na mimi sikuweza kusema hata neno moja la kweli.

Nikamjibu kwa sauti, Bogonko asikie, na mama wa namba nane aliyekuwa anaanika nguo asikie:

"Ni Maroa. Ni mtoto wa ndugu yangu. Nimemlea mimi."

Shangazi yako,
Rispa